Kafi Moja la Bi Mwatumu

Sogeeni karibu, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize. Hadithi yangu ya leo haina zimwi wala sultani. Ina bibi mmoja na wajukuu wake watatu, ina mtumbwi mmoja, na ina kafi moja. Mimi kazi yangu ni kusimulia. Kuhukumu nawaachia nyinyi, maana mimi kumenishinda, na mnanijua si mtu wa kushindwa na maneno.

Bibi mwenyewe ni Bi Mwatumu, wa kijiji cha Kipwani. Nyuma ya Kipwani bahari imetia mkono wake ndani ya nchi kavu. Watu wa pale wanauita mto, ingawa maji yake ni ya chumvi na yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku. Ni mahali pazuri, jamani, nisiwafiche. Mikoko imesimama pande zote mbili imeshikana matawi, kaa wekundu wanapanda mizizi, ndege mdiria anapita na bluu yake huyo, na maji ya asubuhi yametulia mpaka unaona haya kuyatia kafi.

Mwisho wa mto huo, mwendo wa saa moja, ndipo palipokuwa na kijiji cha Mkambani. Hapo ndipo alipozaliwa Bi Mwatumu. Watu walihama zamani, chumvi ilipoingia kwenye mabonde yao ya mpunga. Kimebaki kisima kimoja cha maji matamu, na yamebaki makaburi. Njia ya miguu haipo, ni matope ya kukumeza mpaka magotini. Anayekwenda Mkambani anakwenda kwa mtumbwi, maji yakiwa yamejaa, au haendi.

Sasa sikilizeni habari ya kafi. Baba yake Bi Mwatumu alilichonga kwa mti wa mtondoo, na katika ukoo wao kafi hilo lina kazi yake. Anayelishika ndiye anayewapeleka watu wa ukoo kuzikwa Mkambani. Yeye ndiye anayesema lini, kwa chombo gani, nani akae wapi, na hapana wa kumpinga, awe mkubwa awe mdogo. Kafi hukabidhiwa mtu mmoja, mkono kwa mkono, mtoaji akiwa hai. Aliyelishika kabla ya Bi Mwatumu alikuwa mume wake. Alipoona siku zake zimekaribia alimkabidhi mkewe, na kwa miaka tisa limeegemea ukuta wa chumba chake, karibu na kitanda.

Na Bi Mwatumu alikuwa na haraka. Daktari wa macho alikuwa amemwambia kwamba ana presha ya macho, na kwamba kilichokwishaondoka hakirudi. Dunia yake ilikuwa inafumba pembeni kidogo kidogo. Yeye hakulia mbele ya daktari. Alirudi nyumbani, akakaa juu ya mkeka, akajiuliza ni kitu gani anataka kukiona kabla ya giza. Jibu likaja mara moja: kaburi la mama yake, na kile kisima.

Miaka miwili nyuma alikwishajaribu. Mwanawe mkubwa, Makame, alimpakia kwenye mtumbwi wa kuazima, kwa moyo safi kabisa, bila ya kuuliza mtu. Katikati ya safari wakakwama kwenye fungu la mchanga, maji yakawakimbia, wakabaki juu ya tope na jua la mchana kichwani. Mwisho walikuja wanaume wakambeba Bi Mwatumu mgongoni mpaka nchi kavu, nguo imelowa, kiatu kimoja kimebaki matopeni, na watoto wa skuli wamejipanga wanatazama. Hakufika Mkambani, na aibu ile ilimkaa kuliko jua. Toka siku hiyo kila akitaja safari anaambiwa, "Mama, pumzika. Kule ni taabu." Akawa anapumzika, na kupumzika kukawa kunamuua.

Ndipo akawaita wajukuu wake watatu, kila mmoja wa mtoto wake mwingine, ili pasiwe na wa kusema yeye yuko karibu zaidi.

Wa kwanza ni Mkasi, mke wa watu na mama wa watoto wawili, mkulima wa mwani. Mkulima wa mwani haishi kwa saa ya ukutani, anaishi kwa maji. Mkasi akiulizwa kesho maji yatakuwa wapi saa nne, anakujibu huku anafunga kanga yake.

Wa pili ni Shaame, fundi wa mitumbwi, mtu wa makamo na mwenye maneno yake. Ukimpa gogo analigonga kwa kidole, anasikiliza, anakwambia lina ufa wapi. Ubaya wake mmoja: akishasema jambo, kumtoa hapo ni kazi ya kung'oa kisiki.

Wa tatu ni Faki, mtega kaa. Huyu maneno yake ukiyakusanya kwa mwezi hayajazi kikombe cha kahawa. Lakini ndani ya mikoko Faki ni kama mtu aliye ukumbini kwake. Kila kijia cha maji anakijua, kinakokwenda na kinakofia.

Wakakaa mkekani. Bi Mwatumu akaanza na utani wake, kama ilivyo desturi ya bibi na wajukuu.

"Waume zangu mmekuja wote wawili, na mke mwenzangu huyu hapa. Leo nitajua nani ananipenda."

"Tunakupenda sote, Bibi," akasema Shaame. "Sema unataka nini."

"Nataka kwenda Mkambani nikarudi. Nisibebwe, nisilowe, nisikaangwe na jua. Na nifike. Kama mnaona hayo ni mengi semeni sasa hivi, mimi nitanyamaza wala sitawaudhi tena."

Hapana aliyecheka. Mkasi aliona mikono ya bibi yake imeshikana kwa nguvu mapajani, akajua kwamba bibi anaogopa kukataliwa.

"Si mengi," akasema Mkasi. "Tupe siku ishirini."

Na hapa, wasikilizaji, nataka mnielewe. Watu wengi wanasifu safari za taabu. Mtu akikoswa na papa, akapigwa na dhoruba, akarudi hana tanga, huyo anaitwa shujaa na anakula sifa mpaka uzeeni. Mimi nawasifu waliokaa siku ishirini wakipanga safari nyepesi ya bibi kizee mmoja, kwenye maji ya kimya, mwendo wa saa moja. Nyepesi hiyo hamjui uzito wake.

Mkasi alianza na mwezi. Shaame alikwishatazama kalenda ukutani akatangaza siku: Jumatano. Mkasi akasema hapana, Jumanne.

"Jumatano ndiyo mwezi kumi na tisa, maji yanajaa asubuhi," akasema Shaame. "Imeandikwa, na imamu ameutangaza mwezi, na kijiji kizima kinahesabu hivyo. Wewe una mwezi wako peke yako?"

"Shaame, ndugu yangu, siku ile ya kuutazama mwezi mbingu ilikuwa na mawingu. Hatukuuona, tukatimiza thelathini, na ndivyo ilivyotupasa. Lakini kesho yake nilipouona ulikuwa umekaa juu, mnene, si mwezi wa siku moja ule. Ramadhani ikija, kufunga nitafunga na wenzangu. Maji hayakusikia tangazo, yalianza siku yao."

"Siku moja tu hiyo. Itatupunguzia nini?"

"Ami Makame naye alikosa siku moja tu. Alihesabu na kijiji, kama wewe."

Shaame akakubali, jambo la kuandikwa. Mkasi hakuridhika na kumshinda. Alichomeka mti kwenye lile fungu la mchanga, akaukata alama, na siku kumi na nne mfululizo alikwenda kuusoma, na mwani wake ukamngoja. Maana mambo ni haya: maji makubwa ya bamvua yanajaa alfajiri ya giza au alasiri ya jua kali, na kila siku ikipita yanachelewa kujaa na yanapungua. Ukienda mapema una maji mengi na bibi haoni njia. Ukichelewa una asubuhi nzuri na fungu limetoa kichwa. Mkasi alikuwa anatafuta ile siku moja iliyo katikati. Akaipata: Jumanne, kuondoka saa kumi na mbili, jua linachomoza. Maji yanayojaa yatawasukuma kwenda, yatawangoja kidogo, na yakipwa yatawarudisha. Saa tatu bibi yuko kwake anakunywa chai.

Shaame yeye alikwenda kwenye banda la makuti ulipolala mtumbwi wa marehemu babu yao. Umechongwa kwa mwembe mmoja mzima, miaka tisa haujagusa maji, na ubavuni una ufa wa urefu wa mkono. Watu walimwambia aazime boti ya mashine. "Mashine itamtikisa nyonga zake, na itawafukuza ndege aliokwenda kuwaona," akajibu. Wakamwambia afunge matengo ubavuni, mtumbwi usiyumbe. "Matengo yatakamata mikoko. Mtu akikaa chini, mtumbwi utakaa chini naye." Akauziba ufa kwa pamba na mafuta ya sifa, yale ya ini la papa, akaupigia kiraka cha ubao, akaujaza maji mtumbwi mzima siku mbili juu ya nchi kavu, aone kama kuna tone litakalotoka. Halikutoka.

Kisha akaja kwa bibi yake, akamkuta anakuna nazi. Akakaa anazungumza upuuzi, na huku anapima kwa macho: urefu wa ile mbuzi ya kukunia, goti linapokunjika, mgongo unapotafuta ukuta. Akatengeneza kiti cha chini chenye egemeo la kamba za usumba wa nazi. Akakipachika mtumbwini, akakaa mwenyewe, kwenye uwanja, juu ya mchanga, saa nzima bila ya kunyanyuka. Watu wakipita wanamcheka. "Fundi, unakwenda wapi na mtumbwi wako?" Naye anajibu, "Nakwenda kujua kama mgongo unauma." Uliuma. Akalivunja egemeo, akalitengeneza tena, akakaa saa nyingine. Mwisho akachonga ngazi ya hatua mbili, nyepesi, ya kupakia mtumbwini, ili mguu wa bibi utoke kwenye nchi kavu uingie chomboni, na kule utoke chomboni uingie nchi kavu, bila ya kuonja tope.

Faki hakuaga mtu. Alikuwa anatoweka asubuhi na anarudi na matope mpaka mabegani, na kaa hana. Mto ule ukifika nusu unagawanyika mara tatu. Ule mkono mpana, mzuri, unaoita macho, unakwenda kufia ndani ya mikoko, na zaidi ya mtu mmoja amelala humo na mbu. Njia ya kweli ni ule mwembamba wa kulia, na huo matawi yameushukia mpaka maji. Kukata mikoko hakuruhusiwi, na Faki asingekata hata ikiruhusiwa. Aliyafunga. Tawi moja moja aliliinua, akalifungia nyuma kwa kamba ya ukindu, kwa fundo linalofunguka kwa kuvuta ncha. Kisiki kilichokuwa kimejificha chini ya maji alikizungushia kamba, akaifunga mtumbwini mwake, akangoja maji ya bamvua yakakinyanyua.

Siku moja alikuja kwa bibi yake, akasimama mlangoni.

"Bibi, una kanga kuukuu?"

"Ya nini, mume wangu? Unataka kuvaa?"

"Nyekundu."

Akampa. Nyekundu ndiyo rangi ambayo macho yake yalikuwa bado yanaipata vizuri, na alishangaa Faki ameijuaje, maana hakumwambia mtu. Siku ya mwisho Faki alifika mpaka Mkambani. Aliyoyafanya huko mtayaona wenyewe.

Jumanne ikaja. Nikwambieni ukweli: Bi Mwatumu hakulala. Alivaa kanga yake mpya, akachukua kafi lake ukutani, akashuka ufukweni kwa miguu yake na fimbo. Alikuwa anakumbuka kile kiatu. Alipoiona ngazi hakuuliza kitu. Hatua ya kwanza, hatua ya pili, na akajikuta amekaa, mgongo umepata pa kuegemea, na kafi limelala mapajani. Faki mbele, Shaame nyuma, Mkasi kati, ameshika mwavuli ambao haukufunguliwa, maana jua lilikuwa bado changa.

Wakatoka. Maji yaliwachukua yenyewe, makafi yakawa kama ya kukumbushia tu. Walipofika kwenye fungu, Bi Mwatumu alishika ubavu wa mtumbwi kwa vidole vyote.

"Ni hapa," akasema. "Hapa ndipo tulipokwama."

"Tumekwishapita, Bibi," akasema Mkasi.

Akageuza shingo. Mti wenye alama ulikuwa nyuma yao, na mtumbwi ulikuwa umepita juu ya mchanga na nafasi ya mkono mzima chini yake.

Mbele kidogo mkondo uliwasogeza, mtumbwi ukajipiga ubavu kwenye mzizi wa mkoko, pale pale penye kiraka. Sauti yake ilikuwa kubwa. Bi Mwatumu alifumba macho akingoja maji. Shaame aliinama, akapitisha kiganja chini ya kiraka, akakionyesha. Kikavu.

Kisha ukaja mgawanyiko wa mito mitatu. Zamani aliijua njia hii kwa kichwa, lakini sasa kila kitu kilikuwa kijani ndani ya kijani. Yeye, mtoto wa Mkambani, hajui njia ya kwao. Mara akaiona nyekundu. Kipande cha kanga yake, kwenye tawi la kulia. Mbele yake kingine. Na kingine. Akaanza kuviita kwa sauti kabla Faki hajageuza mtumbwi. "Kulia. Sasa kushoto. Sasa moja kwa moja, mume wangu, unalala?" Njia nzima yeye ndiye aliyeiongoza, na matawi yalikuwa yamekaa pembeni kama watu waliopisha bwana harusi.

Yangeyange walikuwa wamelala juu ya mikoko, mamia, na walipoamka waliruka pamoja. Weupe ule macho yake yaliupata wote. Mkasi alimuona bibi yake anacheka huku machozi yanamshuka, wala hayafuti.

Mkambani ngazi ikashushwa, mguu wake ukakanyaga nchi kavu. Akakuta njia imefyekwa mpaka makaburini. Kaburi la mama yake lilikuwa safi, limezungushiwa mawe meupe, na kisima kilikuwa kimetolewa majani na kuwekwa kamba mpya na ndoo. Bi Mwatumu akamtazama Faki. Faki akatazama miguu yake.

Akamsomea mama yake. Alikaa pale akipapasa mawe, akamwambia habari za wajukuu na vitukuu, wa kwanza mpaka wa mwisho, kama anayerudi kutoka safari ndefu. Kisha akanywa maji ya kisima.

"Ni yale yale," akasema. "Nilidhani nimeyatia utamu mwenyewe kwa kuyakumbuka. Kumbe ni yale yale."

Mkasi akayatazama maji ya mto, akasema yamegeuka. Wakapanda, yakawarudisha. Saa tatu, Bi Mwatumu alikuwa kwake, nguo kavu, viatu viwili. Majirani walikuwa wamejikusanya uani wangoje kisa.

"Vipi huko, Bi Mwatumu? Kumetokea nini?"

"Hapakutokea kitu," akajibu, na alilisema neno hilo kwa fahari hata wenzake wakaona anawaficha. Hakuwaficha. Fungu lilikuwepo na hawakukwama, mzizi ulikuwepo na hawakulowa, njia ya upotevu ilikuwepo na hawakupotea.

Siku tatu baadaye aliwaita wajukuu wake. Kafi lilikuwa mapajani mwake.

"Macho yangu yanafunga duka," akasema. "Kafi hili nataka kulitoa ningali naiona sura ya ninayempa. Nitampa aliyeifanya safari yangu kuwa nyepesi. Haya, ni nani?"

Shaame ndiye aliyeanza, kwa kuwa mkubwa.

"Mpe Mkasi. Mimi nilitengeneza mtumbwi, lakini mtumbwi usio na maji ni hori la kulishia ng'ombe. Nilibishana naye kwa kalenda. Mngenifuata mimi, ungebebwa tena."

"Mpe Faki," akasema Mkasi. "Maji mimi nimeyakuta, nimeyahesabu tu. Yeye alifunga matawi moja moja, na akafika kwa mama yako kabla yetu akamsafisha. Sisi tulikupeleka Mkambani, Bibi. Faki alikurudishia Mkambani."

Zamu ikawa ya Faki.

"Mpe Shaame," akasema. "Mimi njia nilikuwa naijua. Sikutoka jasho kuijua. Yeye alikaa uwanjani kwenye kiti, watu wanamcheka, mpaka mgongo wake ukauma badala ya wako."

Bi Mwatumu akatikisa kichwa. "Kila mmoja anamtupia mwenzake. Mmenirudisha ufukweni nilikotoka."

Akapapasa ule ubapa wa kafi, akaendelea kwa sauti ya chini.

"Basi niwaambieni linalonisumbua. Safari hii ilikuwa ya kuchagua. Mkasi alichagua siku, Shaame alipata nafasi, Faki alipata muda. Safari ile nyingine sitachagua. Maiti hangojeshwi. Inaweza kuwa maji mafu, yale yasiyojaa sana, inaweza kuwa mvua, inaweza kuwa mtumbwi uko juu ya magogo."

"Yakiwa mafu," akasema Mkasi, "nitajua yanapanda lini na kwa kiasi gani, wala hatutakwenda kukwama nawe njiani."

"Nikipata saa mbili," akasema Shaame, "nitaupunguza uzito mtumbwi upite kwenye maji ya kifundo cha mguu."

"Ipo njia nyingine," akasema Faki. "Ndogo. Maji hayakauki."

Hapo Bi Mwatumu akacheka, cheko la mtu aliyenaswa. "Mnaona? Nimewaondolea nafasi ya kuchagua, na bado mko sawa." Kisha cheko likamtoka usoni. "Niliwaambia nisibebwe, na hamkunibeba. Siku hiyo nitabebwa, sina ujanja. Ninachotaka ni mmoja wa kuamrisha nibebwe vipi, asiniache nikawa mzigo wa watu kama siku ile ya matope. Wakiwa watatu wa kuamrisha, watabishana juu ya jeneza langu, na maji hayangoji mabishano."

Wasikilizaji, siku ile kafi halikutolewa. Mimi nilikwenda kumjulia hali mwezi uliopita. Macho sasa yamebaki na mwanga wa mlangoni tu, lakini akikusikia unaingia anakutambua kwa hatua zako. Alinipa kahawa, akalivuta kafi kutoka ukutani, akanisimulia yote haya niliyowasimulia, neno kwa neno. Kisha akaninyooshea nilishike, niuhisi uzito wake, akaniuliza mimi ampe nani. Kahawa ikanipoa mkononi. Nilisema, "Bi Mwatumu, nitafikiri." Akanijibu, "Fikiri, lakini usichelewe. Nawe unajua nani hangoji."

Kwa hiyo nimelileta kwenu, na msinijie na jibu la wavivu. Msiseme ligawanywe: kafi likikatwa mara tatu ni kuni. Msiseme apewe mkubwa, maana si umri uliomvusha pale kwenye fungu. Msiseme abaki nalo mwenyewe, maana hapana aliyewahi kujipigia kafi kwenda kaburini kwake.

Yuko aliyeyajua maji kijiji kizima kilipokosea. Yuko aliyeutia mgongo wake maumivu ili wa bibi usiumie. Yuko aliyemfungulia kipofu njia hata akawa yeye ndiye kiongozi. Bi Mwatumu amekaa mkekani, mkono ameunyoosha, na kafi limo mkononi.

Nani alipokee? Anza wewe uliye karibu na mlango, tukusikie.